John Flynn na Madaktari wa Angani

Mtu akisimama ufukoni Mombasa au Dar es Salaam akatazama upande wa mashariki na kusini, mbele yake ni maji matupu ya Bahari ya Hindi; na ng'ambo ya maji hayo, mbali sana, ndiko iliko nchi ya Australia. Ni nchi kubwa ajabu. Miji yake mikubwa, kama Sydney na Melbourne, iko pwani, nako kuna mvua na mashamba na watu wengi. Lakini msafiri akiiacha pwani na kuingia bara, mvua hupungua, na miti hupungua, hata mwisho haoni ila mchanga mwekundu na mawe, na mito isiyo na maji isipokuwa mara moja moja. Wenyeji wa asili wa nchi ile walikaa huko tangu zamani zisizohesabika, wakijua kila kisima na kila jabali. Wazungu walikuja baadaye sana, wakaleta ng'ombe na kondoo. Na kwa kuwa majani ni haba, shamba moja la ng'ombe laweza kuwa kubwa kama wilaya nzima ya kwetu, na kutoka nyumba hata nyumba ya jirani huenda ikawa safari ya siku mbili tatu kwa farasi.

Katika nchi ya namna hiyo mtu aliyevunjika mguu hakuuliza kama dawa iko. Aliuliza daktari yuko umbali gani, na mara nyingi jibu lilikuwa maili mia tatu au mia nne. Habari hizi ni za mtu aliyeutumia umri wake wote kupigana na umbali huo.

John Flynn alizaliwa tarehe 25 Novemba mwaka 1880 huko Moliagul, kijiji cha wachimba dhahabu katika jimbo la Victoria. Miaka 11 kabla hajazaliwa, watu wawili walichimbua karibu na kijiji hicho pande la dhahabu kubwa kupita yote yaliyopata kuonekana duniani. Lakini baba yake John hakuwa mchimbaji. Alikuwa mwalimu wa shule, na mishahara ya walimu twaijua. Mama yake alifariki mwaka 1883, John akiwa hajatimiza hata miaka mitatu. Alipomaliza masomo ya shule alitamani kwenda chuo kikuu, fedha hazikupatikana, basi akawa mwalimu mwanafunzi kama baba yake alivyokuwa mwalimu. Siku zile alipenda mambo mawili zaidi ya mengine: kupiga picha, na kujifunza namna ya kumsaidia aliyeumia kabla daktari hajafika. Mambo hayo mawili yalimfaa baadaye kuliko alivyoweza kufikiri.

Mwaka 1903 aliacha ualimu akaanza kujifunza kazi ya uchungaji katika Kanisa la Kipresbiteri, na mwaka 1911 akabarikiwa kuwa mchungaji. Hata kabla ya hapo alikuwa amekwenda kuhubiri kwa wakata manyoya ya kondoo na watu wengine wa bara, akaona jinsi wanavyoishi. Mwaka 1910 aliwatolea kitabu kidogo cha kutiwa mfukoni, wakapewa bure. Ndani yake mlikuwa na sala, na utaratibu wa kuzika wafu, kwa maana huko mara nyingi maiti alizikwa na rafiki zake bila mchungaji. Lakini pia mlikuwa na maelezo ya kufunga jeraha, na kuunga mfupa, na kumtunza mwenye homa. Waliomjua walianza kuona tangu hapo kwamba mchungaji huyu hakutenga roho na mwili, hii ya kwake na ule wa mtu mwingine.

Mwaka 1911 alipelekwa Beltana, kaskazini ya mji wa Adelaide, katika nchi kavu. Kutoka huko alitazama mbele, hata Oodnadatta, mahali reli ilipokomea siku zile, akafanya shauri la kuweka huko nyumba ya wauguzi. Mwaka uliofuata, 1912, baada ya kusafiri na kuandika taarifa ndefu kwa wakubwa wa kanisa, Kanisa liliunda Misheni ya Bara ya Australia, na Flynn akafanywa mkuu wake. Kazi hiyo aliishika miaka 39, mpaka kufa kwake.

Wauguzi wanawake wawili wawili walipelekwa mahali penye upweke ambapo hata wanaume walisita kukaa. Wachungaji walipewa ngamia, wakazunguka miezi mingi kwa safari moja. Flynn mwenyewe alisafiri kwa ngamia, na baadaye kwa motokaa, akipiga picha kila alipokwenda. Akirudi mijini alizionyesha picha hizo kwa watu waliokuwa hawajapata kuiona nchi yao wenyewe. Tena alikuwa na gazeti lake, ambalo kwalo aliwasumbua matajiri na wakubwa bila kuchoka. Alikuwa mtu mrefu mwembamba, mwenye maneno ya polepole. Wengine walimwona mvivu wa kuamua, kwa kuwa aliweza kukaa na jambo moja miaka mingi akiligeuza-geuza. Lakini akiisha kulishika hakuliacha.

Basi nyumba za wauguzi zilisaidia wengi. Lakini muuguzi si daktari, na katika sehemu zote za kaskazini na magharibi za bara, nchi ya maili za mraba laki nyingi, madaktari walikuwa wawili tu. Jambo lililotukia mwaka 1917 liliwaonyesha watu wote wa Australia maana yake.

Mwezi wa Agosti mwaka ule mchunga ng'ombe kijana, jina lake Jimmy Darcy, alianguka na farasi wake karibu na Halls Creek, kaskazini ya Australia ya Magharibi. Aliumia vibaya tumboni. Wenziwe walimlaza garini wakamchukua njia ya maili kama 50, njia mbovu, gari likiruka mawe, mpaka Halls Creek. Hapo hapakuwa na daktari wala muuguzi. Palikuwa na postamasta, Bwana Tuckett, aliyekuwa amejifunza kidogo mambo ya kufunga majeraha. Naye alikuwa na kitu kimoja cha thamani: simu ya waya. Akapiga simu huku na huku kutafuta daktari, asipate, mpaka alipompata Daktari Holland katika mji wa Perth, zaidi ya maili elfu moja kutoka hapo. Daktari alikuwa ndiye aliyemfundisha zamani yale aliyoyajua.

Simu ile haikuchukua sauti ya mtu. Ilichukua alama tu, ya mlio mfupi na mlio mrefu, na kila herufi ilikuwa na alama zake. Kwa alama hizo daktari aliuliza, na postamasta akajibu. Daktari akatambua kwamba kibofu cha mkojo kimepasuka, na kwamba mgonjwa asipopasuliwa upesi atakufa. Tuckett hakuwa na visu vya kazi hiyo, wala dawa ya kumlaza mtu usingizi. Alikuwa na kisu chake cha kukunja, na dawa kidogo ya kusafishia. Darcy akafungwa mezani. Postamasta akakata, akaenda kwenye mtambo wa simu akapokea maneno, akarudi akakata tena. Kazi ile ilichukua saa nyingi, na baadaye ikabidi amkate mara ya pili. Wewe unayesoma, fikiri hali ya yule aliyelala mezani. Kisha fikiri na hali ya yule aliyeshika kisu, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuuza stempu.

Darcy hakufa siku ile, wala siku ya pili. Daktari Holland akaona yafaa aende mwenyewe. Akapanda meli iliyokwenda kaskazini kuchukua ng'ombe, akashuka Derby, akapata motokaa, nayo ikaharibika mara kwa mara njiani, kisha akamalizia safari kwa gari la farasi na kwa miguu. Magazeti ya Australia yote yaliifuata safari hiyo, na ijapokuwa ulikuwa wakati wa vita kuu, watu waliuliza kila asubuhi kama daktari amefika. Alifika baada ya siku nyingi. Darcy alikuwa amekufa siku moja kabla. Tena hakuuawa na kile kidonda. Kazi ya postamasta ilikuwa njema. Alikuwa na jipu ndani ya mwili na malaria, mambo ambayo daktari angeyatambua mara kama angekuwapo.

Flynn aliifikiri sana habari hiyo. Na mwezi wa Novemba mwaka ule ule kijana mmoja aliandika barua. Jina lake Clifford Peel. Alikuwa amesoma udaktari Melbourne, akaacha masomo akajiandikia jeshi la eropleni, na sasa yuko safarini kwenda vitani Ulaya. Siku zile eropleni zilikuwa vitu vya miti na nguo, na watu wengi walizihesabu kuwa za vita au za michezo. Lakini Peel alikuwa amekaa akapiga hesabu: eropleni yaweza kwenda maili ngapi kwa saa, yatumia petroli kiasi gani, vituo viwekwe wapi, na gharama itakuwa pauni ngapi. Hakuna aliyemwagiza wala kumlipa. Alimpelekea Flynn hesabu zote, kuonyesha kwamba daktari aweza kuruka juu ya nyika akafika kwa mgonjwa kwa saa chache.

Flynn aliichapa barua ile katika gazeti lake mwaka 1918. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Peel aliruka na eropleni yake juu ya uwanja wa vita wa Ufaransa, asirudi, wala mwili wake haukuonekana. Alikuwa na miaka 24.

Tangu barua ile mpaka eropleni ya kwanza ya wagonjwa ilipita miaka kumi na zaidi, na hapa ndipo ionekanapo tabia ya Flynn. Mtu mwingine angekusanya fedha kidogo, akanunua eropleni, akaita watu waje kutazama. Flynn aliona tatizo ambalo hata Peel hakulimaliza. Mgonjwa yuko maili 200 kutoka kituoni. Je, rubani atajuaje? Ikiwa mtu hana budi kupanda farasi siku nne kwenda kuita eropleni, basi eropleni haina faida kubwa. Yule Darcy angalikufa vile vile kama Halls Creek pasingalikuwa na waya. Na kupeleka waya wa simu mpaka kila nyumba ya bara hakukuwezekana. Ilitakiwa simu ya upepo. Lakini mitambo ya simu ya upepo ya siku zile ilikuwa mikubwa, ya gharama, na ilihitaji umeme, na huko hakuna umeme.

Akamtafuta fundi. Mwaka 1926 alimpata Alfred Traeger wa Adelaide, kijana mpole wa ukoo wa Kijerumani, asiyependa maneno mengi. Wakaenda pamoja kwa motokaa mpaka Alice Springs, katikati ya nchi, wakiwa na betri nzito, wakajaribu kupelekeana habari kati ya Alice Springs na misheni ya Hermannsburg. Habari zilifika, lakini wote wawili waliona kwamba mke wa mfugaji hawezi kutunza betri za namna ile. Traeger akarudi karakanani. Akajaribu mtambo wa kuzungushwa kwa mkono. Lakini mtu akizungusha kwa mkono mmoja, hana utulivu wa kupiga alama kwa mkono wa pili. Ndipo ilipomjia fikira ya miguu. Akatengeneza mtambo mdogo wa umeme wenye pedali kama za baiskeli, ukaweza kuwekwa chini ya meza. Mtu huketi kitini, akaendesha kwa miguu kama apandaye baiskeli isiyokwenda popote, na mikono yake miwili iko huru. Umeme ule mdogo ulitosha kupeleka habari mamia ya maili.

Huku mtambo haujawa tayari, fedha zilipatikana. Bwana McKay, aliyetajirika kwa kutengeneza mashine za kuvunia ngano, alifariki mwaka 1926, akawa ameacha pauni 2,000 kwa ajili ya kujaribu kazi ya eropleni, na wengine wakaongeza. Mwaka 1927 Daktari George Simpson alipelekwa Cloncurry, katika jimbo la Queensland, kupeleleza kama mahali hapo pafaa kuwa kituo. Na alipokuwa huko alikwenda kwa eropleni mpaka Mount Isa akamchukua mchimba madini aliyeumia, akamleta hospitali. Flynn akapatana na kampuni changa iitwayo Qantas, iliyoanzishwa na marubani waliorudi kutoka vitani, wamkodishe eropleni pamoja na rubani kwa shilingi mbili kila maili. Kampuni hiyo leo hupeleka abiria ulimwenguni kote; siku zile eropleni zake zilikuwa za kuhesabika.

Tarehe 15 Mei mwaka 1928 kazi ilifunguliwa Cloncurry. Daktari wa kwanza alikuwa Kenyon St Vincent Welch, aliyeacha kazi yake nzuri Sydney. Rubani wa kwanza Arthur Affleck. Tarehe 17 waliruka safari ya kwanza kwenda Julia Creek, mwendo wa maili 85, wakapokewa na watu zaidi ya mia moja waliokuja kutazama ajabu hiyo. Eropleni ilikuwa na injini moja. Daktari na mgonjwa walikaa ndani ya chumba kidogo, lakini Affleck alikaa nyuma yao, kichwa nje, katika jua na vumbi na mvua. Hakuwa na simu ya upepo. Alikuwa na dira, na ramani zisizoaminika. Basi alifuata mito mikavu, na nyua za mashamba, na nguzo za simu ya waya, na mahali pa kushuka palikuwa popote palipokuwa tambarare. Mtu akisema kwamba rubani huyu alilipwa, ni kweli. Lakini mshahara haumfundishi mtu kushusha eropleni ya miti na nguo katika malisho ya ng'ombe asiyoyajua.

Mwaka ule wa kwanza walifanya safari 50, wakatibu wagonjwa 225. Na mwaka 1929 mitambo ya pedali ya Traeger ikaanza kuwekwa katika nyumba za upande wa Cloncurry. Walioitumia zaidi walikuwa wanawake, maana wanaume walikuwa nje na ng'ombe. Mwanzoni iliwapasa kujifunza zile alama za milio mifupi na mirefu, na mtu mwenye mtoto anayekufa mapajani hawezi kukumbuka alama. Traeger akawatengenezea kitu kama mashine ya kuandikia: mama hupiga herufi, na mashine yenyewe hutoa alama zake. Baada ya miaka michache sauti za watu nazo ziliweza kupita. Hapo wanawake waliokuwa hawajasikia sauti ya mwanamke mwenzao miezi sita walianza kuzungumza kila siku, daktari akiisha kumaliza shughuli zake. Na kwa kelele zao mazungumzo hayo yalipewa jina la kasuku mmoja wa huko apendaye kupiga makelele. Flynn hakuona kwamba ni upuuzi. Alijua kwamba upweke nao huua.

Baadaye kila nyumba ya mbali ilipewa sanduku la dawa, na tangu mwaka 1942 kila dawa ilitiwa nambari, ili daktari aseme nambari tu, hata asiyejua majina ya dawa asikosee. Husimuliwa kwa kucheka habari ya mtu aliyeambiwa anywe dawa ya nambari 9. Nayo ikawa imekwisha, basi akanywa ya 5 pamoja na ya 4.

Miaka ya baada ya 1929 ilikuwa ya taabu ya fedha ulimwenguni kote, na mara kadhaa ilionekana kwamba eropleni ya Cloncurry itasimama. Tena Flynn aliona kwamba kazi imekuwa kubwa kuliko kanisa moja. Mwaka 1934 walikubali kuitoa mikononi mwao, ikawa ya watu wote wa Australia, na serikali za majimbo zikasaidia. Si kila mtu awezaye kujenga nyumba kwa miaka ishirini kisha akampa mwingine ufunguo. Vituo vipya vikafunguliwa Wyndham na Port Hedland mwaka 1935, Kalgoorlie na Broken Hill mwaka 1937, na Alice Springs mwaka 1939.

Mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 51, Flynn alimwoa Jean Baird, karani wa ofisi ya misheni yake. Toka mwaka 1939 hata 1942 alikuwa kiongozi mkuu wa Kanisa la Kipresbiteri la Australia.

Lakini haifai kueleza habari za mtu na kuficha upungufu wake. Flynn alifikiri hasa juu ya wafugaji Wazungu na jamaa zao. Wenyeji wa asili, ambao nchi ile ilikuwa yao na ambao waliugua maradhi mengi yaliyoletwa na wageni, hakuwatia moyoni vile vile. Daktari Charles Duguid wa Adelaide, mtu wa kanisa lile lile, alimlaumu hadharani, kwa kuwa nyumba ya wauguzi ya Alice Springs haikuwapokea weusi. Lawama hiyo ilikuwa ya haki. Eropleni za madaktari siku hizi huwachukua wote, na wenyeji wa asili ni wengi miongoni mwa wagonjwa wake. Lakini hayo yalikuja kwa kuchelewa.

Flynn alifariki Sydney tarehe 5 Mei mwaka 1951. Mwezi uliofuata, shule ya kwanza ya kufundisha kwa simu ya upepo ilifunguliwa rasmi Alice Springs, ikitumia mitambo ya madaktari, na watoto wa mashamba ya mbali wakaanza kumjibu mwalimu ambaye hawakupata kuuona uso wake. Mwaka 1955 kazi ya madaktari ikapewa heshima ya kuitwa ya kifalme. Na fikira yenyewe haikubaki Australia. Hapa Afrika Mashariki, mwaka 1957, Michael Wood, daktari wa kupasua aliyejua kurusha eropleni mwenyewe, alianza pamoja na wenziwe wawili kazi kama hiyo, na Nairobi ikawa kituo chake. Huko Australia, tangu mwaka 2003, wako tena watu wenye eropleni zao wenyewe, wengine wafugaji, wengine wafanyabiashara, ambao hutoa siku yao na chombo chao kumpeleka mgonjwa wa mbali hospitali ya mjini, wasimtoze kitu. Clifford Peel hakuishi hata kufanya hivyo, bali alikuwa wa kwanza kujitolea.

Uso wa Flynn umechapwa tangu mwaka 1994 katika noti ya dola 20 ya Australia, pamoja na eropleni, na ngamia, na mtambo wa pedali.

Majivu yake yaliwekwa chini ya mlima Gillen, karibu na Alice Springs. Rafiki zake walitaka kuweka juu yake jiwe kubwa, wakaenda mbali upande wa kaskazini, mahali paitwapo Karlu Karlu, penye majabali mviringo ya ajabu, wakachukua moja. Hawakuwauliza wenyewe. Kwa Wawarumungu na Wakaytetye mahali pale ni patakatifu, na jiwe lile lilikuwa la heshima. Wakaliomba miaka mingi. Palikuwa na mazungumzo marefu kati ya kanisa, na jamaa za Flynn, na wenye jiwe, na Waarrernte wenye nchi ya Alice Springs. Mwaka 1999 jiwe lilipakiwa katika gari likarudishwa kwao Karlu Karlu. Na Waarrernte wakatoa jiwe jingine kutoka nchi yao wenyewe, wakalitia kaburini kwa Flynn mahali pa lile lililoondolewa.